Leseni ya Mama Mdogo

Siku wathibiti ubora walipokuja shuleni, mimi nilitumwa dukani kununua chaki. Chaki zilikuwepo, maboksi mawili kabatini. Mkuu wa shule alinipa elfu mbili, akaangalia pembeni, akasema, "Usiharakishe, mwalimu." Nikaelewa. Nilikaa chini ya mwembe nyuma ya duka mpaka gari lao lilipopita kurudi, kisha nikaenda kumalizia kipindi cha hisabati cha kidato cha tatu, chaki mkononi.

Ni shule moja ya kata huku bonde la Kilombero. Ilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati kwa vidato vyote vinne, na huyo mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Namawala kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Mkuu wa shule aliposikia kuna mtoto wa hapa anasoma takwimu chuo kikuu, alikuja nyumbani jioni na ombi. Nilikubali kabla hajamaliza chai. Hakuniuliza habari ya leseni, nami sikuuliza.

Usiku ule nilikuwa shambani na mama mdogo. Mpunga ulikuwa unaanza kuiva, na mpunga unaoiva haulali peke yake: mchana kuna ndege, usiku kuna nguruwe pori. Tulikuwa tumekaa kwenye dungu, chandarua kimefungwa kwenye miti minne, nikamsimulia habari ya chaki nikitegemea acheke.

"Kwani huna leseni?" akauliza.

"Leseni ya nini, mama? Nina digrii."

"Ya takwimu. Si ya kufundisha."

Alikuwa sahihi kuliko nilivyotaka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inatenganisha watu wawili: aliyesomea ualimu husajiliwa, na ambaye hakusomea huomba leseni ya kufundisha. Asiye na usajili wala leseni haruhusiwi kusimama mbele ya darasa. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha pia Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ili ualimu uwe na chombo chake kama taaluma nyingine. Mimi niliyajua hayo kama mtu anavyojua namba ya zimamoto.

Mama mdogo aliyajua kwa mwili wake. Alimaliza kidato cha sita mwaka 2006, wakati sekondari za kata zilipokuwa zinajengwa kila mahali na walimu hawapo. Serikali iliwachukua vijana wa kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya takriban mwezi mmoja na leseni, ikawapeleka madarasani. Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi ilipotakiwa kumfikia kila mtoto, waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu huku wakijifunza kazini. Mama yangu alifundishwa na mmoja wao. Kizazi cha UPE kiliitwa UPE. Kizazi cha mama mdogo wanafunzi walikiita vodafasta, kwa ile huduma ya kuongeza salio la simu haraka haraka. Jina hilo lilimfuata mpaka gulioni.

Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka vumbi la chaki kwenye sketi yake tu. Sikuwahi kujua kwa nini aliacha.

"Leseni ilikuwa ya miaka miwili," alisema. "Katika miaka hiyo ulitakiwa utafute chuo usomee ualimu. Chuo nilipata. Mkopo sikupata." Akaomba kuhuisha leseni. Barua ya mkuu wa shule, nakala za vyeti, picha, muhuri juu ya muhuri. Ilikuwa masika, barabara ya kwenda Ifakara imekatika, akavuka maji na bahasha kichwani. Ofisi moja ikamwambia jalada lake halionekani, aanze upya. Alianza upya. Wakati anasubiri, alikuja kijana mwenye shahada ya ualimu. Mama mdogo alimkabidhi daftari la maandalio ya masomo Ijumaa moja, akarudi kwenye mpunga.

Nilianza kulaani ofisi, mihuri, makaratasi. Alininyamazisha kwa mkono, kama kuna mnyama amesikika.

"Sikia. Unazijua zile hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko? Ukigawanya kwa namba hasi, alama inageuka. Mimi sikuwa naigeuza. Muhula mzima. Mtoto mmoja alipata kitabu kwa dada yake Morogoro, akaniletea, akasema, mwalimu, mbona humu wanageuza? Nikasahihisha. Lakini wawili walikuwa wameshaacha shule. Hao wamebaki na yangu."

Chura walikuwa wanapiga kelele majarubani. Aliendelea, "Wewe umejificha dukani. Mimi nilikuwa na karatasi, sikujificha, lakini hakuna aliyekuja kukaa nyuma ya darasa langu hata siku moja. Kwa mtoto yote ni mamoja."

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kumwambia kwamba vijana waliosomea ualimu wamejaa mitaani. Kwamba siku hizi nao wanaitwa kwenye usaili ili wapate ajira. Kwamba Ifakara nawajua wenye shahada ya ualimu wanaoendesha bodaboda, huku shule ile haina mtu wa hisabati. Mwenye sifa hana kituo, mwenye kituo hana sifa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichosema.

Jumatatu nilikusanya madaftari ya kidato cha tatu. Mada ilikuwa takwimu, mada yangu kabisa, na nilikuwa nimefundisha namba ya katikati. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamechukua namba iliyokaa katikati ya orodha kama ilivyo, bila kuzipanga kwanza kutoka ndogo hadi kubwa. Nikatafuta kwenye maandalio yangu. Sikuwa nimewaambia wazipange. Kwangu hilo lilikuwa wazi mno hata halihitaji kusemwa. Nilikuwa nafundisha kama nilivyofundishwa chuoni, mgongo kwa darasa, mdomo kwa ubao.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Ifakara. Nilipiga picha za pasipoti, nikatoa nakala za vyeti, nikagongesha muhuri. Mama mdogo alikuwa amenipa nailoni ya kufungia bahasha, ingawa mvua ilikuwa imeshapungua. Ndani ya nailoni ile ndimo ilimokaa leseni yake miaka yote. Aliitoa, akaitazama tarehe ya mwisho, 2008, akaiweka ndani ya Biblia. Nikishamaliza uzamili nafikiria kusoma stashahada ya uzamili ya elimu Chuo Kikuu Huria. Nafikiria, sijaapa.

Maombi yangu yako ofisini. Nilimwambia mkuu wa shule niache mpaka jibu litoke. Alinionyesha ratiba: vipindi vya hisabati vya kidato cha tatu, visanduku vitupu mpaka mwisho wa mwezi. Nikaendelea, na sijisikii vizuri nikiandika hivyo. Niliomba jambo moja tu, akakubali.

Jumatano mama mdogo alikuja na kanga yake na kalamu, akakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamegusa ubao wa dawati. Wanafunzi waligeuka kumtazama, kisha wakamsahau. Niliandika mfano wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu nikasikia ukimya wa aina fulani. Alikuwa amenyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo sijaelewa."

Nikageuka kutoka ubaoni.