Farumi na Dumu Tupu

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nami nakaa Amani, mjini Unguja, mahali ambapo bahari haionekani ingawa si mbali. Kwa kuwa nimesoma, nilidhani najua mambo ya vyombo kuliko mjomba wangu mvuvi.

Ngalawa yake ni mtumbwi wa mwembe, wenye mirengu miwili iliyokatiza juu, na kila upande ubao ugusao maji. Mbao hizo hukizuia chombo kisilale, lakini nguvu yake hasa huonekana kiendapo mbio, kikisimama, hupungua. Basi nikamwambia, "Mjomba, tia farumi ya mawe, uzito ukae chini." Hakubishana nami. Alifunga ndani madumu mawili ya plastiki, matupu, yaliyozibwa barabara. Nami nikaona haya, maana niliyahesabu kuwa takataka.

Hata siku moja, wakati wa kusi, tukatoka Malindi kwenda Bawe. Upepo ukatujia ghafula. Mwanangu wa miaka 9 akasimama kuidaka kofia yake, nami nikamrukia, tukaelemea upande mmoja. Kamba za mrengu zikakatika, mara tukawa majini.

Mtumbwi ulijaa mpaka ukingoni, wala haukuzama. Nyumba za Shangani zilionekana karibu, mtoto akataka kuogelea aende. Mjomba akamshika shati. "Mjukuu wangu, macho ya majini hudanganya. Kumbatia dumu." Tukashikilia hapo hata ikaja mashua kutuokoa.

Usiku ule nilipiga hesabu niliyopaswa kuipiga kwanza. Dumu la lita 20, likizamishwa lote, huinua kilo 19 hivi. Na mtu aliyemo majini hata shingoni hahitaji kuinuliwa zaidi ya kilo chache. Mti wa mwembe huelea wenyewe. Lakini mawe yangu! Farumi hukisaidia chombo kisipinduke. Kikiisha kujaa maji, hukivuta chini. Nilikuwa nimechanganya kusimama na kuelea. Watu wa Lamu hutoa ubao nje upande wa joshi, wakaketi juu yake: farumi yao ina miguu, na chombo kikijaa huweza kushuka yenyewe.

Mjomba hakunikumbusha habari ya mawe. Siku ya pili nilimkuta akifunga kamba mpya, nikampa dumu la tatu. Akalizamisha majini, akalitazama kifunikoni, akanirudishia.

"Linavuja, mwalimu."