Haki ya Sauti

Kazi iliyonilisha na kunivika tangu ujana wangu ni ufundi wa redio na vinanda vya santuri, nilioufanya Kasongo, mji ulio jirani na mto Lualaba, na kila ilipowadia siku ya soko nikaupakia juu ya baiskeli kwenda nao Kabambare, ambako wachimba dhahabu wa Namoya walikuwa wepesi wa kununua vyombo vya sauti na wazito wa kuvitunza. Sikuusomea chuoni. Niliupata kwa kukaa ubavuni mwa fundi mmoja mzee, aliyenifundisha kulehemu waya, kusafisha sindano ya santuri kwa brashi laini, na kutomwambia mteja bei kabla ya kukifungua chombo chake.

Santuri za Kinshasa zilitufikia kwa safari ndefu: kwa meli hadi Kisangani, kwa reli hadi Ubundu, kwa meli tena hadi Kindu, na kutoka huko kwa njia yoyote iliyopatikana, basi aghalabu ziliwasili zimepindwa na joto na kukwaruzwa na mchanga, nasi tukazipokea kwa furaha vivyo hivyo. Katika hizo zote hapakuwa na zilizogombewa kama za Rochereau, yule Pascal Tabu aliyeingia African Jazz ya Joseph Kabasele akiwa kijana, akatoka mwaka 1963 pamoja na mpiga gitaa Docteur Nico kuunda African Fiesta, akaachana naye baada ya miaka miwili, akaimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris mwaka 1970, kisha, serikali ilipoamuru raia wayaache majina ya Kizungu, akajulikana kwa jina la Tabu Ley. Aliimba Kilingala, na mji wetu ni wa Kiswahili tangu enzi ya Tippu Tip. Walakini wazee waliotoka msikitini walisimama kizingitini pangu kumsikiliza, nao hawakuona haya.

Sasa nieleze jambo ambalo asiyeishi kwa mawe ya redio hawezi kulidhani. Santuri ndogo yataka kuzunguka mara 45 kwa dakika. Mawe yakiwa mapya huzunguka hivyo. Yakichoka, mwendo hupungua pole pole, wala sikio halishtuki, kwa kuwa halina cha kulinganisha. Kuujua ukweli nilitia alama ya chaki ukingoni mwa sahani, nikashika saa ya mkononi, nikahesabu. Na mara nyingi, katika nyumba za watu waliokuwa wakicheza kwa furaha kubwa, hesabu yangu ilikoma kwenye 40. Katika mwendo huo sauti hushuka hatua nzima ya ngazi ya muziki, mwimbaji mwenye koo nyororo la juu akageuka mtu mzima mwenye kifua kizito. Vijana wa Kabambare waliojifunza nyimbo zake kwa santuri za namna hiyo walilegeza nyuzi za magitaa yao ili walingane naye, wakapiga hivyo arusini.

Kaseti zilipokuja zilileta kinyume chake. Chombo chenye mawe machovu kinaponakili wimbo, ukanda hupita polepole. Na ukanda huo ukichezwa baadaye kwa mawe mapya hukimbia, sauti ikapanda na kuwa nyembamba kama ya mtoto. Ikawa mjini petu wapo Rochereau wawili, mmoja wa santuri na mmoja wa kaseti, na kila mmoja ana wafuasi walioapa kwamba wa kwao ndiye wa kweli.

Kaseti ilikuwa na dhuluma nyingine iliyonichoma zaidi: haikuandikwa jina. Mfanyabiashara alinakili kutoka kwa mwenzake, naye kutoka kwa mwingine, na juu ya karatasi pakabaki neno moja tu, au mchoro. Hata Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947, mwana wa Maniema hii hii, aliyehamia Dar es Salaam na kujiunga na Orchestra Makassy mwaka 1978, sauti yake iliturudia kwa kuvuka ziwa katika kaseti zisizotaja kwao, wakaidhania watu kuwa ni ya mgeni. Vita vya 1998 vilipotufikia, mawe ya redio yakawa adimu, vyombo vikaporwa, na sehemu kubwa ya santuri nilizokuwa nimewekewa dhamana zikapotea pamoja na wenyewe.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiletea kutoka ng'ambo ya Tanganyika mkusanyiko uitwao The Voice of Lightness, uliotolewa na kampuni ya Stern's ya London mwaka 2007, niliupokea kwa shauku ya fundi kabla ya shauku ya msikilizaji. Ni sahani mbili zenye nyimbo za Tabu Ley za kuanzia 1961 hadi 1977, zilizochaguliwa na Ken Braun na kusafishwa upya kwa mitambo. Nilifunga chombo kwenye betri ya gari iliyojaa, nikaketi. Magitaa mawili, ambayo miaka yote niliyadhani kuwa moja, yalitengana, moja likiuliza na jingine likijibu. Besi, ambayo spika zetu ndogo hazikuwa na uwezo wa kuitoa, ilitembea chini yake kwa mwendo wa kujiamini. Na juu ya hayo yote ilisimama sauti ya mtu mmoja, wala si nzito ya santuri zetu wala si nyembamba ya kaseti zetu, bali iko kati, imetulia, haina haraka wala haijikazi. Ndani ya kifuko mlikuwa na kijitabu kilichousimulia mwendo wa maisha na kazi yake.

Rafiki zangu wa umri wangu waliposikiliza hawakukubaliana. Mmoja, mpiga gitaa wa zamani wa Kabambare, alisema kwamba wimbo uliosafishwa umepoa, na kwamba mkwaruzo ulikuwa kama chumvi katika samaki. Sikumbeza, maana aliyecheza arusini kwa sauti ile ana haki ya kuipenda. Lakini nilimwambia kuwa mkwaruzo ni wetu, si wa mwimbaji: ni mchanga wa njia ya Kindu, ni sindano iliyolika, ni mawe tuliyoyaanika juani ili yaishi siku moja zaidi. Mambo hayo ni historia yetu, nayo yafaa kuhifadhiwa. Ila si adili kumtwika mtu mwingine historia yetu, kisha tukasema ndivyo alivyoimba. Ufundi wa kusafisha sauti, kama ninavyouelewa, haumwongezei mwimbaji utamu asiokuwa nao. Kazi yake ni kumwondolea yale tuliyomwekea sisi, ili ahukumiwe kwa kilicho chake.

Tabu Ley alifariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013, akazikwa Kinshasa. Siku hizi wanagenzi wangu hawashiki santuri. Hujaza nyimbo katika simu na flashi za watu sokoni, na katika senti wanazopokea hakuna hata moja inayowafikia warithi wa waimbaji. Hilo siwezi kulitengeneza kwa bisibisi. Nimewawekea sharti moja tu: wimbo wowote unaotoka mezani pangu utoke na jina la mwimbaji, la bendi, na mwaka wake, na asiyeyajua aulize kabla ya kuuza. Hunung'unika kwamba mteja hasomi. Mimi huwajibu kwamba katika madeni yote tunayodaiwa na waimbaji wetu, jina ndilo jepesi kuliko yote, na mtu ashindwaye kulipa deni jepesi hana udhuru wa kuimba sifa za mdai wake.