Majina ya Wanyonge katika Kiingereza

Mwenye kujifunza Kiingereza aona upesi kwamba maneno yake kadha wa kadha ya kutukana yalikuwa kwanza majina ya hali au kazi tu. Wanafunzi wangu wasomapo hadithi hulikuta neno "villain", nao hujua kuwa ndiye mtu mwovu. Lakini asili yake ni villa ya Kilatini, yaani shamba. Neno liliingia Uingereza pamoja na Kifaransa cha Wanormani, walioiteka nchi ile mwaka 1066, nalo lilimtaja mkulima aliyefungwa na ardhi ya bwana wake, asiweze kuhama pasipo ruhusa. Hakuwa mwizi wala mwuaji; alilima tu. Wenye kuandika hawakuwa wakulima, na baada ya miaka mingi jina lake likawa jina la uovu.

Linalonishangaza zaidi ni habari ya "knave" na "knight". Katika Kiingereza cha kale yote mawili yalikuwa na maana ya mvulana, tena mtumishi. Huyu wa pili alitumikia vitani juu ya farasi, akapanda cheo hata akaitwa "Sir". Wa kwanza alibaki mtumishi, na jina lake likawa laghai. Kumbe farasi aweza kubadili kamusi!

Nasi twalijua jambo hili, maana "boy" liliingia katika Kiswahili likawa boi. Babu yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu huku Tanganyika, kabla ya uhuru wa 1961. Alikuwa na mvi na wajukuu, naye aliitwa boi hata na mtoto wa miaka sita. Alipotusimulia hakulalamikia mshahara wala moshi wa jikoni, ila neno lile. Alisema, "Mama alinipa jina, nao walilijua."

Lakini tusiwacheke Waingereza peke yao. Sisi humwita mtu wa adabu "mwungwana", na maana yake ya kwanza ni asiye mtumwa, kana kwamba mtumwa hakuwa na adabu.

Neno moja lilishika njia nyingine. "Humble" latokana na Kilatini, nalo lahusiana na udongo: ni mtu wa chini. Warumi walilitumia mara nyingi kwa dharau. Wakristo wakalitwaa, wakalifanya sifa. Hata leo Mwingereza hulitumia kwa moyo mnyenyekevu, na pia kwa kibanda cha maskini. Mwanafunzi aniulizapo maana ni ipi, humwambia atazame kwanza ni nani asemaye, na habari za nani.