Kutoka Baridi ya Mahongole Hadi Joto la Kariakoo

Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wamegawanyika makundi mawili: walioko Dar, na wanaosema wiki ijayo wanakwenda Dar. Mimi nilikaa kundi la pili hadi nikachoka kuulizwa. Februari 2024 nikafunga safari, siku nne tu, peke yangu, begi moja mgongoni na bila ndugu wa kufikia. Hilo la ndugu nalisisitiza. Mtu anayefikia kwa shangazi Mbagala hajaliona jiji, ameuona ua wa shangazi. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja: nihamie huko au nibaki?

Kwa wasiopajua, Mahongole ni kwetu huko Makambako, mkoani Njombe, juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Tunalima mahindi na viazi. Ikifika Juni na Julai mtu analala na soksi na mablanketi mawili, na asubuhi anagombea nafasi ya jikoni karibu na moto. Joto kwetu ni kitu unachokifuata, hakikufuati.

Nilipanda basi alfajiri nikiwa na jaketi. Mafinga jaketi lilikuwa bado na kazi. Iringa nikafungua zipu. Tulipoteremka Kitonga, zile kona ambazo abiria wote hunyamaza ghafla kama wako msibani, hewa ikabadilika kabisa, na Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na wauza vitunguu, jaketi likageuka mto wa kuegemeza kichwa. Barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Nikaona swala na twiga bure, bila kiingilio. Ndiyo kitu cha mwisho nilichopata bure safari ile.

Usiku tukaingia Mbezi Luis, kwenye ile stendi ya Magufuli iliyochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021. Msomaji wangu, umeshafunua sufuria ya wali ukiwa umeinama juu yake? Basi ndivyo mlango wa basi ulivyofunguliwa. "Bosi, wapi hapo? Mkubwa, twende!" Vijana kumi wananizunguka, wote wanajua mimi mgeni. Wamejuaje? Baadaye ndio nikaelewa: mgeni hubeba begi mgongoni, mwenyeji akiingia penye msongamano hulihamishia kifuani. Bodaboda mmoja akanitajia 15,000 kunifikisha Kariakoo. Mama muuza maji aliyekuwa pembeni akacheka. "Mwanangu, kamata daladala ile pale." Nikanunua maji yake, nikapanda daladala.

Gesti niliyopata uchochoroni Kariakoo ilikuwa na kitanda, neti na feni. Feni ndiyo niliyoilipia hasa. Saa tano usiku ikasimama. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na mtaa mzima ukatoka nje kwa pamoja kama umepigiwa kengele. Wengine wamebeba mikeka, wengine wamejifunga khanga na misuli, watoto wanakimbizana gizani. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe. Nilikunywa vikombe viwili na kashata, nikiwa najiuliza mtu mwenye akili anakunywaje kitu cha moto katika joto lile. Mzee mmoja aliyekaa barazani, nilipomwamkia, akaniuliza natokea wapi, kisha akanipa darasa: tembea asubuhi mpaka saa nne, halafu tafuta kivuli, saa kumi ndiyo utoke tena. "Na barabarani usifuate njia fupi, fuata upande wenye kivuli." Hakuna ramani iliyonisaidia kama maneno hayo.

Kariakoo yenyewe si mchezo. Jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa eneo lile wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo pale kila mtu kabeba kitu. Soko kuu liliungua Julai 2021 na nilipofika lilikuwa bado linajengwa, lakini biashara haikulisubiri. Mtaa wa Kongo unatembea kwa bega. Utasikia Kifaransa cha Wakongo na Kiingereza cha Wazambia wakifungasha marobota. Viatu nilivyotajiwa 45,000 nikaviacha kwa 20,000, na yule kijana akanisindikiza kwa macho bila kuniita tena.

Kilichonichosha si joto wala kelele. Ni kwamba mkono hautoki mfukoni. Choo, pesa. Kuchaji simu, pesa. Maji ambayo nyumbani unaomba mlango wowote, pesa. Hata kivuli: ukikaa kwenye kiti cha mama lishe zaidi ya dakika kumi bila kuagiza, anaanza kufuta meza mbele yako. Simlaumu, naye analipia. Starehe nafuu kuliko zote nimeiona kwenye pantoni ya Kigamboni. Kwa shilingi 200 za wakati ule nilivuka na upepo wote wa bahari ukawa wangu. Mimi nilivuka na kurudi mara tatu bila shughuli yoyote ng'ambo.

Siku ya tatu jioni nikaagiza chipsi. Sahani 2,500. Nikamuuliza muuzaji viazi anatoa wapi. "Mabibo, vya Njombe hivyo, vitamu." Nilitazama ile sahani, viazi vinne labda, vitano vikiwa vidogo.

Asubuhi yake nikaenda Mabibo sokoni. Fuso zimepanga mstari, na juu yake magunia ya lumbesa, yale yenye kilemba kilichoshonwa kwa kamba, ambayo vipimo vya serikali haviyaruhusu kwa sababu gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Nikamwambia mpakuaji mmoja "Kamwene." Akaweka gunia chini. "Kamwene! We wa wapi?" Anatoka upande wa kwetu, ana miaka sita mjini. Akanionyesha jambo ambalo mimi mtoto wa mkulima sikuwahi kuliona: gunia lile moja tunalouza shambani kama gunia moja, pale linafunguliwa, kilemba kinashushwa, yanapatikana gunia na nusu. Akanitajia bei ya siku hiyo. Nikaiandika kwenye kiganja, jasho likaifuta, nikaiandika tena kwenye tiketi.

"Sasa unabaki, mdogo wangu? Kazi ya kubeba ipo," akaniuliza.

Nikamwambia acha kwanza nipige simu. Baba alipokea akiwa shambani, nilisikia upepo.

"Shikamoo baba. Wale wanunuzi wa viazi wameshafika?"

"Wanakuja Jumamosi."

"Waambie wasubiri. Na magunia tunashona wenyewe."

Nikaenda kukata tiketi ya alfajiri, jaketi nikaliweka juu kabisa kwenye begi.