Kwenda Columbus na Kigari Kisicho na Injini

Kutoka Akron hadi Columbus, katika jimbo la Ohio, ni mwendo wa saa mbili hivi, karibu kilomita 200. Sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu namba 71, inayopita kati ya mashamba ya mahindi na soya. Aprili mashamba hayo huwa bado matupu, na abiria asiye na la kuwaza atasinzia tu. Sisi hatukusinzia. Nyuma ya gari kulikuwa na boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi, na kila tuliporuka shimo binti yangu aligeuka kulitazama. Ndani yake mlikuwa na kigari cha mbao chenye urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kisicho na betri wala springi.

Hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza kwenye Science Olympiad, mashindano ya wanafunzi yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1984. Timu moja huwa na wanafunzi wasiozidi 15, nao hugawana masomo wawili wawili: hawa miamba, wale kemia, wengine maradhi. Ngazi ya jimbo hufanyika Chuo Kikuu cha Ohio State. Binti yangu na mwenzake walipangiwa kigari kinachoendeshwa na mvutano wa dunia. Kinapandishwa juu ya mteremko waliouunda wenyewe, kinafyatuliwa, kinashuka, kisha kinatakiwa kwenda chenyewe mpaka kwenye alama na kusimama hapo. Umbali wa alama hutangazwa siku ya mashindano. Sekunde unazotumia na sentimita unazokosea vyote huandikwa dhidi yako, na mwenye alama chache ndiye mshindi.

Dereva wetu alikuwa baba wa yule mwenzake, mtu wa Goma. Kiswahili chake na changu cha Tanga hupishana hapa na pale, lakini safari ile tuliongea lugha moja: breki. Alitusimulia habari za chukudu, ile skuta ya mbao ya Kivu ya Kaskazini ambayo vijana huipakia viazi, mkaa au makabichi na kuteremka nayo vilimani mpaka sokoni. Kupanda ni kusukuma kwa jasho. Kushuka dunia ndiyo inayokuvuta, mzigo na wewe mwenyewe. Nyuma huwekwa kipande cha tairi kuukuu, unakikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu. Goma wameisimamishia chukudu sanamu, na mzee huyu aliona ni haki yake. Alisema mtoto anaweza kuichonga na ikaenda. Ikisimama unapotaka wewe, hapo ndipo umekuwa fundi.

Tulitoka Akron, mji wa matairi ya Goodyear na Firestone, ambao kwa magari yasiyo na injini hauna wa kuufundisha. Kuna njia maalumu ya mteremko, Derby Downs, iliyojengwa mwaka 1936, ambako watoto hukaa ndani ya vigari na kushindana kwa kushuka tu. Mwaka 1973 bingwa wa mbio hizo alinyang'anywa ushindi. Ndani ya pua ya kigari chake ilikutwa sumaku ya umeme. Kizuizi cha kuanzia kilikuwa cha chuma, kwa hiyo kilipoangushwa mbele kiliivuta ile sumaku na kigari kikaanza kwa kuruka. Nilipolikumbuka hilo nikaelewa kwa nini huku Columbus kigari hufyatuliwa kwa penseli, tena penseli yenyewe lazima ishuke wima. Mkono wa mtu usije ukaongeza hata chembe ya msukumo.

Mjini sikukaa sana kushangaa. Niliuona uwanja wa mpira wa chuo, wa mwaka 1922, unaoingiza watu zaidi ya laki moja, tukavuka mto Olentangy, tukaingia ukumbini.

Mteremko wetu ulikuwa na kimo cha sentimita 75. Ukiacha msuguano na nguvu inayoliwa na magurudumu kwa kuzunguka, kitu kinachoshuka kimo hicho hufika chini kwa kasi ya karibu mita 3.8 kwa sekunde, kiwe chepesi au kizito. Hesabu hiyo kila timu inaijua, kwa hiyo haimpi mtu ushindi. Ufundi wote uko kwenye ekseli ya nyuma. Yetu ilikuwa chuma chenye nyuzi za skrubu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na juu yake nati yenye masikio mawili. Sikio moja limeegemea kijiti, hivyo nati haiwezi kuzunguka. Ekseli ikizunguka, nati inatambaa pembeni mpaka inagonga kizuizi na kubana. Magurudumu yanafungwa, kigari kinasota kidogo, kinasimama.

Magurudumu ni CD zilizovishwa mpira wa puto ukingoni zisiteleze. CD ina kipenyo cha sentimita 12, basi mzunguko mmoja ni kama sentimita 37.7 za sakafu, na katika mzunguko huo nati inasogea milimita 1.27. Kwa mita 10 nati inatembea sentimita tatu na kitu tu.

Mkimbio wa kwanza kigari kilinyooka vizuri, kikapita alama kwa sentimita 41. Walikuwa wamefanyia mazoezi kwenye sakafu ya vigae. Hii ilikuwa ya mbao, imepigwa polishi, na kigari kilisota zaidi. Nilitaka kusema neno, lakini wazazi tuliwekwa nyuma ya kamba. Wasichana wale, na miwani yao ya kinga usoni, waligawanya 41 kwa 37.7, wakaisogeza nati karibu na kizuizi mzunguko mmoja na ushee. Binti yangu alishusha penseli. Mara hii kigari kilisimama sentimita 6 kabla ya alama, kimekwenda kushoto kidogo. Mwamuzi alipima, akaandika, akaita timu nyingine.

Medali hatukupata; waliotushinda walikosea kwa sentimita moja au mbili, na vigari vyao vilikwenda mbio kuliko chetu.

Walimu wa fizikia mlioko nyumbani, kigari hiki hakihitaji maabara. Tafuteni CD mbovu nne, kipande cha ubao, puto, na chuma cha nyuzi na nati yake kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Choreni alama sakafuni kwa chaki, na umbali wake msiutaje mpaka wanafunzi wamefika na vigari vyao mkononi.