Ngoma Iliyobaki Nyumbani Ukambani

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Mombasa aghalabu huivuka Makueni bila kuijua. Hununua machungwa kando ya barabara, akaendelea na safari yake. Hata hivyo, akitazama kushoto karibu na Emali ataona vilima, na miongoni mwake ni Nzaui, mahali penye historia.

Hapo ndipo Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alipofungua kituo cha kwanza cha misheni hiyo mnamo Desemba 1895. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini kanisa lilienea Ukambani. Pamoja na Biblia na shule likaja katazo: muumini hachezi ngoma.

Katazo hilo lilikuwa zito. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa na Wakamba mnamo 1911 na 1912, aliandika kwa kirefu kuhusu ngoma zao. Kwao ngoma haikuwa mchezo tu. Ilikuwa pia maombi na tiba.

Ili kuelewa jambo hili, mtu na aiache barabara kuu pale Kibwezi, ashike njia ya Mutomo. Akivuka Mto Athi ameingia Kitui. Hii ni nchi ya mibuyu, vumbi jekundu na mito ya mchanga ambamo akina mama huchimba visima wakitafuta maji. Mvua ikikosa kunyesha kati ya Oktoba na Desemba, ghala hubaki tupu.

Katika nchi kama hii ndipo kilumi hueleweka. Hii ni ngoma ya wazee, hasa akina mama. Wao ndio wapigaji na wao ndio wachezaji. Ilichezwa kuomba mvua penye ithembo, mahali patakatifu pa kutolea sadaka, au kumtuliza mtu aliyesumbuliwa na aimu, yaani roho za wahenga. Mwendo wake huanza taratibu, mabega yakitikisika, na huweza kuendelea usiku kucha. Mtazamaji mwenye haraka hataona kitu.

Vijana nao walikuwa na ngoma zao za kuruka na kupinduka hewani. Wakamba wengi walijiunga na jeshi la King's African Rifles, na maisha ya askari yakagusa ngoma pia: filimbi, mistari iliyonyooka, hatua za gwaride. Jina la mbeni, mojawapo ya ngoma hizo, linatukumbusha beni ya pwani, ambayo askari na wapagazi waliisambaza Afrika Mashariki.

Mbeni na ndugu zake ndizo zilizopata bahati ya jukwaa. Mwaka wa 1971 serikali ilianzisha Bomas of Kenya huko Lang'ata, Nairobi, na kundi lake la Harambee Dancers likakusanya ngoma za makabila mbalimbali. Wageni walishangilia sarakasi za Kikamba. Shule nazo zikapeleka ngoma za Kikamba katika tamasha za muziki, ambako waamuzi hutoa alama na muda huhesabiwa kwa dakika.

Basi mambo yakageuka. Ngoma iliyokatazwa kanisani ikafundishwa shuleni! Lakini iliyofundishwa hasa ni ile inayopendeza macho upesi. Kilumi, inayotaka usiku mzima, haikuenea kwenye dakika za jukwaa. Ilibaki nyumbani na ajuza wake.

Nairobi ilipiga hatua nyingine mwaka wa 1997. Opiyo Okach, Faustin Linyekula wa Kongo na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi la kwanza la densi ya kisasa nchini Kenya. Lilikuwa kundi dogo, nalo halikuwa likiiga ngoma za kabila fulani ili kuwafurahisha watalii. Mchezo wao, Cleansing, ulituzwa huko Luanda mwaka wa 1998 katika mashindano ya densi ya Afrika. Linyekula alirudi kwao na mwaka wa 2001 akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa.

Funzo la Gàara ni kwamba watu watatu wenye nia wanaweza kuanzisha kundi, na kwamba jukwaa si lazima liwe la sarakasi. Linaweza kubeba pia ukimya, mwendo wa polepole na mambo mazito ya moyoni. Kwa maneno mengine, linaweza kubeba yale ambayo kilumi imebeba miaka yote.

Kijana wa Wote au Mutomo anayetamani kuanzisha kundi lake hana haja ya kuanzia ukumbi wa mjini. Mruko anaujua, ameufundishwa shuleni. Asilolijua liko uani kwa susu wake, katika mabega yale yanayotikisika taratibu. Darasa hilo halina ada. Ila mwalimu wake ni mzee, na hatamngojea milele.