Mzee wa Kahawa Aliyetutajia Kwetu

Mwezi huu zamu ya kueleza kwao imetufikia sisi, watu wa Kisimayuu na visiwa vya Wabajuni. Wengi hapa kambini wakisikia "Somalia" hufikiria ngamia. Haya, ngamia wapo. Lakini iko Somalia nyingine, ya mashua, nyavu na minazi, na watu wake huzungumza Kiswahili tangu zama za mababu.

Ukitoka Kisimayuu kwa mashua ukishika kusini kwa njia ya ndani, bara iko mkono wako wa kulia, na mkono wa kushoto visiwa vinaanza kukupita kimoja baada ya kingine. Vikubwa vinavyojulikana ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, na katikati yake vipo vidogo vingi. Ni visiwa vya mawe ya matumbawe na mchanga, vimelala chini chini, na huwezi kuviona kwa mbali. Kwenye baadhi yake kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale ya mawe. Mwisho wa safari ni Ras Kamboni, ambayo ni bara tena, na ukivuka hapo kidogo tu uko Kiunga, nchi ya Kenya.

Hayo tunayajua kwa sababu tulizaliwa huko. Lakini mtu aliyetufundisha namna ya kuwaeleza watoto wetu alikuwa Mkenya, na kisa chake ndicho tunachotaka kuwapa.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikafika kwetu, watu wengi wa pwani walikimbia kwa bahari. Tulipanda mashua na majahazi tukaelekea Kiunga, Lamu na Mombasa. Si wote waliofika. Waliofika, wengi wetu tukawekwa katika kambi ya Jomvu, nje kidogo ya Mombasa. Nguo tulipewa, chakula tulipewa, lakini vinywa vilikuwa vizito. Bibi yetu, ambaye kule nyumbani alikuwa hanyamazi, tangu ashuke chomboni alikuwa akijibu kwa kichwa tu.

Basi alikuwako mzee mmoja muuza kahawa, Mbajuni wa Kizingitini, kisiwa cha Pate, aliyehamia Mombasa ujanani. Alikuja jioni na buli lake na vikombe vidogo, akikaa karibu na lango. Kuuza aliuza, lakini biashara yake hasa ilikuwa maneno! Mtu huyu akikuuliza swali hakungoji, hujibu mwenyewe, halafu hukosoa jibu. Kahawa ilipoa vikombeni tukimsikiliza.

Siku ya kwanza alituuliza, "Nyinyi mwatoka wapi?"

"Kisimayuu," tukamjibu.

"Kisimayuu! Na Kisimayuu ni nini?" Akamwelekea kijana wetu wa miaka tisa. Mtoto akasema ni mji. "La, mwanangu! Ni kisima! Kisima-iyu, kisima cha juu. Wazee wetu wa kaskazi husema iyu kwa juu, na tini kwa chini. Hukusikia Fuma Iyu na Fuma Tini? Visiwa hivyo, kimoja cha juu kimoja cha chini. Jina la mji wenu limo kinywani mwenu, na hamulioni!"

Hapo akawa amefunguliwa. Akatueleza kwamba mamake mzazi alikuwa mtu wa Chula, aliyeolewa Kizingitini, na zamani hizo harusi ilikwenda na kurudi baharini bila kuulizwa karatasi. Pwani yote ile ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha ikashikwa na Mwingereza. Halafu mwaka 1925 Mwingereza akamkabidhi Mtaliani nchi ya Jubaland, Kisimayuu na visiwa vyote ndani yake, na mpaka ukasimama kati ya Kiunga na Ras Kamboni. "Wakatukata kama papa," alisema. "Kichwa kwa huyu, mkia kwa yule. Leo mimi mwenyeji hapa na nyinyi wakimbizi, na shangazi zetu walichota kisima kimoja."

Maneno hayo yalituingia. Sisi tulikuwa tumezoea kuulizwa kama kweli sisi ni Wasomali. Wengine kwao Msomali ni mwenye kusema Kisomali basi. Ni kweli kwamba mwaka 1972 Kisomali kilipewa herufi zake na kikawa lugha ya serikali na shule, nasi tulikisoma. Lakini nyumbani, chomboni na harusini tulisema Kibajuni, ambacho ni Kiswahili cha kaskazi.

Kibajuni hicho nacho kilikuwa kimetutia aibu wiki ile ile. Binti yetu alitumwa dukani akaomba "mikate chachu." Mwenye duka akamwambia mikate yote ina chachu, ataka ya namna gani? Wateja wakacheka, mtoto akarudi analia. Kwetu chachu ni tatu, kama vile mchu ni mtu na moya ni moja. Mzee aliposikia kisa hicho aligonga goti. "Usilie! Waambie hivyo hivyo, chachu! Siku ukiacha kusema chachu, ndipo ulie."

Jioni nyingine akaanza habari za kumvua kasa kwa chazo. Wasomaji wa bara pengine hamumjui chazo. Ni samaki mwenye kitu kama bamba juu ya kichwa, ambacho hujigandisha nacho kwa papa na kasa. Wavuvi wa kwetu walimkamata akiwa hai wakamfunga kamba, na wakimwona kasa humwachia chazo aende kumganda, kisha huvuta taratibu. Mzee alikuwa anaonyesha kwa mikono, watoto wamemzunguka, akasema, "Basi unamfunga chazo hapa, kwenye mapezi ya mbele."

"Mkiani," sauti ikatoka nyuma.

Tuligeuka sote. Ni Bibi. "Ee bwana wee, chazo hufungwa mkiani. Ukimfunga mbele ataogelea vipi? Nyinyi watu wa Pate mwavua nini huko?"

Mzee akaweka buli chini. Badala ya kubishana, akamwambia, "Bi mkubwa, nieleze." Na Bibi akaeleza! Alieleza chazo, akaeleza kasa, akaingia Koyama, akazitaja Koyamani na Gedeni, akasema upepo wa kusi ukianza kuchafuka chombo kinakimbilia wapi, na kaskazi ikiingia watu hufanya nini. Aliendelea mpaka adhana ya isha. Yule mzee msemaji, kwa mara ya kwanza, hakutia neno. Alikuwa anatabasamu na kumjazia kikombe.

Tangu jioni ile Bibi alirudi kusema. Hatukuwa na dawa nyingine iliyomsaidia zaidi.

Kabla hatujaachana, mzee alituusia jambo moja. Alisema, "Wanangu, mtu anaweza kukariri majina ya visiwa vyote kama kasuku. Lakini mwulize maji ya kunywa huchotwa wapi, upepo upi huwafungia watu ndani, na jirani wa mlango wa pili alikuwa nani. Hapo ndipo mwenye kwao huonekana."

Kambi za Mombasa zilifungwa katika miaka ya 1990. Wengine walirudi visiwani kwa msaada wa UNHCR, wengine wakaletwa kambi za bara, Dadaab na Kakuma, na wengine wakabaki mitaani pwani. Tangu hapo mengi yamepita. Kisimayuu imeshikwa na makundi mengi, na mwaka 2012 Al-Shabaab walitolewa mjini. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikatoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, na Kenya ikaikataa. Tulipoisikia redioni tulimkumbuka mzee na papa wake aliyekatwa.

Usia wake umekuwa na maana kuliko tulivyodhani siku zile. Wabajuni wengi walioomba hifadhi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya wamepimwa lugha yao na kuulizwa habari za visiwa, ili ijulikane kama kweli ni wa huko au ni Wakenya. Sasa fikirini kijana aliyezaliwa kambini. Kiswahili chake ni cha shule ya Kenya na cha wenzake wa uwanja wa mpira. Hakuwahi kuiona Chovai. Akiulizwa, atajibu nini? Si mwongo, ni mtoto wa kweli wa baba wa kweli, lakini hakuna aliyemsimulia. Wazazi tumechoka, maji ni ya foleni, kuni ni za mbali, na jioni mtu ataka kulala tu. Halafu kuna machungu, kwa kuwa kulitaja kwetu ni kuwataja na waliobaki baharini. Hilo tunalielewa vizuri, liko nyumbani mwetu pia.

Lakini kila block hapa ina mzee msemaji. Mnamjua! Yule ambaye vijana wakimwona wanapita njia ya pili, ati ataanza tena ya zamani. Tunawaomba msimkimbie. Mpelekeeni chai, mketi, mumpe watoto. Hata akikosea, si kitu. Pengine akikosea ndipo mwingine aliyenyamaza atakapomsahihisha, kama alivyofanya Bibi.

Wala hatusemi na Wabajuni peke yao. Ndugu wa Barawa, wa bonde la Juba, wa Uvira na Bujumbura, maswali ya mzee yanawafaa nyote. Maji yalitoka wapi? Mvua au upepo wa kwenu uliitwaje? Jirani alikuwa nani, na mlipeana nini siku ya sikukuu? Waulizeni wazee, na mtoto anayejua kuandika ayaandike kwenye daftari kwa maneno yale yale ya nyumbani, bila kuyasafisha. Kama kwenu tatu ni chachu, aandike chachu.

Tukijaliwa, mwezi ujao familia nyingine itaeleza kwao. Sisi twawatakia afya na subira.